Keki na Kamera: Ubia wa Waokaji wa Nyumbani na Wapiga Picha Bujumbura

Mwokaji wa keki anayefanyia kazi nyumbani kwake Buyenzi, Ngagara au Gihosha hana kibao mlangoni wala kabati la kioo la kupangia bidhaa. Duka lake ni simu. Mteja huona picha WhatsApp, huuliza bei, hutuma arubuni kwa Lumicash, huduma ya pesa kwa simu, na kazi imeanza. Katika biashara ya namna hiyo picha hutangulia kuuzwa, keki ikafuata. Tatizo ni kwamba keki ikishakatwa hakuna kinachobaki cha kumwonyesha mteja anayefuata. Aliyekesha akipamba orofa tatu mara nyingi huambulia picha moja ya simu, iliyopigwa jikoni usiku chini ya balbu ya njano. Mpiga picha wa sherehe naye huondoka ukumbini na picha nzuri za keki ileile, ambazo zikishakabidhiwa kwa maharusi hazimwingizii kitu tena. Mali ya mmoja imelala kwa mwenzake.

Kinachowafanya wafaane zaidi ni kwamba hawaitwi wakati mmoja. Harusi ya Burundi huenda kwa hatua: posa, gukwa ambako mahari hutolewa, ndoa ya serikali, ibada, karamu ya ukumbini, na baadaye gutwikurura, sherehe ya kumfunua bibi harusi. Mpiga picha anahitajika tangu hatua za mwanzo, ilhali keki ni ya ukumbini, kwa hiyo ndiye anayewahi kuijua tarehe. Kwa ubatizo, komunyo ya kwanza au siku ya kuzaliwa ya mtoto, mambo hugeuka: keki huagizwa, na suala la mpiga picha huenda lisikumbukwe kabisa hadi mwokaji aulize. Kila mmoja ameshika mlango ambao mwenzake angeupita bila kuuona. Pia misimu yao husaidiana. Kiangazi, Juni hadi Septemba, ni wakati wa harusi. Kwaresima na Ramadhani hupunguza ndoa, lakini watoto hawaachi kutimiza mwaka.

Mahali ubia huu unapovunjikia ni kwenye hesabu, na hapa panastahili subira. Njia nyepesi ni kamisheni: anayemleta mteja hupata sehemu ya bei. Asilimia 10 kwa kila upande huonekana haki, lakini sivyo. Tuchukue mfano wa keki ya faranga 200,000. Unga, mayai, siagi na sukari vimechukua 130,000. Makaa na usafiri 20,000. Mwokaji amebakiwa na 50,000. Asilimia 10 ya bei ni 20,000, yaani asilimia 40 ya chumo lake lote. Mpiga picha anayelipwa 200,000 hizohizo ana gharama zake, kamera na kompyuta si vitu vya bure, lakini hanunui malighafi upya kwa kila kazi. Isitoshe, sukari ya kiwanda cha SOSUMO ikiadimika, kama inavyotokea, mwokaji hulazimika kupandisha bei. Kamisheni nayo hupanda, ingawa chumo halikuongezeka hata faranga moja. Ni bora asilimia ihesabiwe kwenye kinachobaki baada ya vifaa, au wawekeane kiasi maalumu kwa kila mteja.

Mtego huohuo umo katika kubadilishana kazi. Picha za 100,000 kwa keki ya 100,000 zinaonekana sawa, kumbe mmoja ametoa muda na mwingine ametoa muda pamoja na fedha taslimu alizoacha sokoni. Mabadilishano ya haki ni yale ambayo mpiga picha analipia vifaa vya keki, na nguvu za kazi ndizo zinazobadilishwa.

Haki ya picha ni jambo la pili la kuandikwa mapema. Sheria ya Burundi ya tarehe 30 Desemba 2005 kuhusu hakimiliki inalinda kazi ya aliyeitunga, na picha zimo. Keki ni ya mwokaji hadi ilipiwe, lakini picha ya keki hiyo ni ya aliyeipiga, mpaka wapatane vinginevyo. Karatasi moja inatosha: mwokaji aruhusiwe kuzitumia picha kutangaza kazi yake, jina la mpiga picha litajwe, na asizikate wala kuzibadilisha rangi bila kumuuliza. Sura za maharusi na watoto ni suala jingine. Zinahitaji idhini ya familia, na idhini hiyo iombwe siku ya kupokea oda, kwani ukumbini hakuna mwenye nafasi ya kufikiri.

Picha yenyewe ina ufundi wake. Bujumbura iko zaidi kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huangukia karibu utosini: juu ya keki huwaka, ubavuni hubaki giza. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, kando ya dirisha, kitambaa cheupe kikiwekwa upande wa pili kurudisha mwanga, hata mistari midogo ya krimu huonekana. Krimu yenyewe haisubiri katika joto la jiji hili la kando ya ziwa, hasa umeme ukikatika na friji ikazima. Ukumbini taa za rangi huigeuza keki nyeupe kuwa zambarau. Mpiga picha aliyekubaliana na mwokaji hufika kabla taa hazijawashwa, akaipiga keki ikiwa nzima, kisha akangoja kisu.

Usafiri huwaunganisha pia. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa katikati ya jiji, na petroli ikiadimika kupata gari huwa kazi. Mpiga picha anayekwenda na gari kwenye ukumbi uleule anaweza kuibeba keki, mradi ijulikane nani analipia ikiharibika njiani. Wakiwauzia wateja kifurushi kimoja cha keki na picha, arubuni ipokelewe na mmoja na igawanywe siku hiyohiyo, kila mtu awe na risiti yake. Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, humdai kodi mwenye mapato, si kifurushi.

Mapatano yaeleze pia namna ya kuachana: muda wa taarifa, kamisheni za oda ambazo bado hazijafika tarehe, na kama mwokaji ataendelea kutumia picha za zamani baada ya kupata mpiga picha mwingine.