Metali zinazostahimili joto la nyuklia angani

Saint Paul, Minnesota

Januari 16, 1959, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alionyeshwa kifaa kidogo kilichotoa umeme bila sehemu yoyote inayozunguka. Kifaa hicho, SNAP-3, kiligeuza joto la poloniamu kuwa umeme wa wati 2.5 hivi. Jenereta yake ilitengenezwa na kampuni ya 3M ya hapa Saint Paul, kisha ikakamilishwa na kampuni ya Martin.

Wati chache, hata hivyo, hazikidhi mahitaji ya chombo kikubwa. Aprili 3, 1965, Marekani ilirusha SNAP-10A, mtambo kamili wa nyuklia wenye uwezo wa wati 500 hivi. Ulizimika baada ya siku 43 kwa hitilafu ya umeme katika satelaiti, na hadi leo ungali ukiizunguka dunia.

Ugumu mkubwa wa kazi hii ni joto. Duniani, mtambo hupozwa kwa maji au hewa. Angani hakuna mto wala upepo. Joto la ziada hutoka kwa mnururisho pekee. Bamba la kupozea likiwa na halijoto maradufu, ikihesabiwa kutoka sifuri halisi, hutoa joto mara 16. Hivyo, kadiri mtambo unavyokuwa wa moto zaidi, ndivyo bamba linavyoweza kuwa dogo na chombo kuwa chepesi.

Hapo ndipo chuma kinaposhindwa. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na hulegea mapema zaidi. Niobiamu huyeyuka kwenye nyuzi 2,477, tantalamu 3,017 na tangisteni 3,422. Mradi wa SP-100, ulioanza 1983, ulichagua niobiamu iliyochanganywa na zirikoniamu kidogo. Ulifutwa miaka ya 1990 kabla ya kuruka.

Metali hizo nazo zina udhaifu: zikiwa na joto kali, oksijeni kidogo tu huziharibu, zikavunjika kama kigae. Ndiyo maana mtambo wa majaribio wa KRUSTY, uliowashwa Nevada mwezi Machi 2018, ulifanya kazi kwenye nyuzi 800 hivi, kiwango ambacho aloi za nikeli hukimudu.

Kwa wasikilizaji wa Maziwa Makuu, suala hili haliko mbali. Tantalamu nyingi duniani hutokana na koltani ya Kongo na Rwanda. Huko Rubaya, mji wa Kivu Kaskazini uliotekwa na waasi wa M23 mwaka 2024, madini hayo huchimbwa kwa sururu na koleo.