Upasuaji wa Kupangwa: Vipimo, Daktari na Bima Kabla ya Siku Yenyewe

Miongoni mwetu wamo watu waliokwisha kuambiwa na daktari kuwa wanahitaji upasuaji, nao wakaendelea na kazi zao miaka kadhaa bila kurudi hospitalini. Mwenye ngiri huirudisha ndani kwa kiganja, kisha hushika jembe. Mwenye busha hununua suruali pana. Mama mwenye uvimbe katika kizazi hupoteza damu nyingi kila mwezi, akadhani kuwa uchovu wake ni wa shamba. Sababu zinazotajwa ni zile zile: gharama haijulikani, vipimo ni vingi, na daktari bingwa yuko mbali. Makala haya yanaeleza namna ya kuyapima mambo hayo matatu kabla hali haijawa ya dharura.

Upasuaji wa kupangwa ni upi?

Ni upasuaji ambao mgonjwa na daktari wanaweza kuuchagulia siku. Upasuaji wa ngiri, busha, rovu, mtoto wa jicho na uvimbe mwingi wa kizazi huwa katika kundi hili. Kupangwa hakumaanishi kuwa si wa lazima. Maana yake ni kwamba upo muda wa kujiandaa, na muda huo una mwisho.

Tuchukue mfano wa ngiri. Maadamu inarudi ndani kwa urahisi, mgonjwa ana nafasi ya kupanga. Ikiwa ngumu, ikauma sana na kukataa kurudi, huku mgonjwa akitapika au akishindwa kupata choo na kutoa hewa, huenda utumbo umenaswa. Utumbo ulionaswa hukosa damu, na ndani ya saa chache unaweza kuanza kufa. Hapo mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Kwa mkazi wa Ipole, safari hiyo ni ya kwanza kufika Sikonge, na ikibidi kuendelea hadi Tabora mjini ni takriban kilomita 70 nyingine, pengine usiku na katika mvua. Gari la kukodi na upasuaji mkubwa zaidi ni ghali kuliko maandalizi ya mapema, na hatari yake ni kubwa zaidi.

Vipimo: kila kimoja kina swali lake

Baadhi ya maradhi hutambuliwa kwa mikono na macho ya mtaalamu. Ngiri huonekana au kuguswa mgonjwa anapokohoa akiwa amesimama. Busha lenye maji hupitisha mwanga wa kurunzi, ilhali ngiri kwa kawaida haipitishi. Ndiyo maana si kila mwenye uvimbe wa kinena anahitaji picha ya mawimbi ya sauti, yaani utrasaundi. Uvimbe wa kizazi ni jambo lingine: humo picha hiyo huonyesha ukubwa wake na mahali ulipo.

Vipimo vinavyoombwa mara nyingi ni kiasi cha damu, kundi la damu, sukari, mkojo na shinikizo la damu. Mama aliyepoteza damu nyingi huenda akahitaji kutibiwa upungufu huo kwanza. Mwenye sukari isiyodhibitiwa hupona kidonda polepole na huambukizwa kwa urahisi. Mtu mzima mwenye maradhi ya moyo anaweza kuombwa vipimo zaidi kabla ya dawa ya usingizi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu: “Daktari, jibu la kipimo hiki litabadilisha nini katika matibabu yangu?” Majibu yote yatunzwe, ili yasirudiwe kwa gharama nyingine mgonjwa anapopewa rufaa.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwamo za miti shamba, na kama katika ukoo wenu kuna selimundu. Usiache dawa ya shinikizo la damu bila kuagizwa.

Je, ni lazima aonwe na bingwa?

Si kila mara. Ngiri na busha za kawaida hufanyiwa upasuaji katika hospitali za wilaya na madaktari wenye ujuzi huo, na kwa miongo mingi madaktari wasaidizi wameifanya kazi hiyo nchini. Bingwa huhitajika zaidi ngiri inapojirudia baada ya upasuaji, rovu linapobana pumzi, uvimbe unapotiliwa shaka ya saratani, au mgonjwa anapokuwa na maradhi mengine mazito.

Njia ya rufaa huanzia zahanati au kituo cha afya, ikaenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Juu yake zipo hospitali za kanda, kama Bugando ya Mwanza. Aidha, kuanzia mwaka 2024 Serikali imekuwa ikipeleka madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri kwa kambi za siku chache. Tangazo la kambi likitoka, mwenye majibu ya vipimo mkononi huwa amekwisha kupiga hatua ya kwanza.

Bima: uliza kabla ya kulazwa

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekwa kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zake zilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, mradi mwanachama afuate ngazi za rufaa. Anayeiruka ngazi bila barua, ikiwa si dharura, hujilipia. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo kila kaya iulize katika ofisi ya kijiji au kata mchango na kitita kinachotumika sasa.

Yapo maswali manne ya kuuliza mapema. Kadi inaanza kutumika lini? Je, hospitali ninayokwenda ina mkataba na mfuko huu? Je, upasuaji huu, vipimo vyake na dawa zake vimo katika kitita? Ni kitu gani nitanunua mwenyewe? Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, pamoja na mtu yeyote asiyemudu gharama, amwone ofisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha kabla ya siku ya kulazwa.

Kalenda ya mkulima

Baada ya upasuaji wa ngiri, mgonjwa hushauriwa kuepuka kunyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa. Mara nyingi hutajwa wiki nne hadi sita. Anayepasuliwa wakati wa kulima matuta, au wakati majani ya tumbaku yakiingizwa katika mabani, atashawishika kurudi kazini kabla ya kupona. Kipindi kinachofaa ni baada ya masoko, fedha za tumbaku au asali zikiwapo na shamba likiwa limepumzika. Fedha hizo zikiingia, mchango wa bima ya kaya ulipwe kwanza. Nauli ya mgonjwa na ya ndugu atakayemuuguza itengwe kando.

Siku ikifika, fuata maelekezo ya kutokula, kwa kuwa chakula tumboni ni hatari wakati wa dawa ya usingizi. Kabla ya kutia saini hati ya ridhaa, omba usomewe na uelezwe kwa Kiswahili unachokielewa: kitakachofanyika, madhara yanayoweza kutokea, na litakalotokea usipopasuliwa. Ikiwa bado una shaka, sema papo hapo. Upasuaji uliopangwa unaweza kusogezwa siku nyingine, lakini usiondoke hospitalini bila kujua tarehe hiyo.