Zamu ya maji haipimwi kwa lita

Katika miteremko ya Upare Kusini, kijito cha lita 10 kwa sekunde si kitu cha kudharau. Lakini ukikielekeza moja kwa moja kwenye mfereji wa udongo wenye urefu wa kilomita mbili, sehemu kubwa ya maji hunywewa na ardhi njiani, na mwenye shamba la mwisho huishia kusikia habari zake tu. Ukikizuia usiku kucha, saa kumi na mbili, unapata lita 432,000. Ukizifungulia asubuhi kwa mkupuo, maji hukimbia kabla ardhi haijawahi kuyameza, na shamba la mbali hulowa. Ndiyo kazi ya ndiva, bwawa dogo linalojaa usiku na kufunguliwa mchana, ambalo Wapare walikuwa nalo kabla Mjerumani hajafika.

Wilaya ya Same, iliyoko huko huko Upare, ina jasi na mkonge kule Makanya, tangawizi kule Mamba Miamba, na msitu wa Chome unaouvika mlima Shengena, wenye urefu wa mita 2,462. Maji ndiyo yanayoamua mengi ya hayo, na yanatoka mlimani kwenda tambarare isiyo na mvua ya kutosha. Ndiva ina utaalamu wa kuhifadhi, lakini utaalamu wake mkubwa zaidi ni wa kugawa. Hugawa kwa zamu: leo wewe, kesho mimi. Kijito kikipungua wakati wa kiangazi, zamu ya kila mtu inapungua pamoja nacho, na hakuna anayeweza kudai kilichokuwapo mwezi wa Aprili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ambayo inayaweka maji yote chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi, inataka mtumiaji awe na kibali, na kibali hutaja kiasi. Kwa mto mkubwa wenye kipimo kila mahali, sawa. Kwa kijito cha Upare, kiasi hicho ni cha mto unaodhaniwa kuwapo. Zamu hugawa mto uliopo. Serikali ya kikoloni iliwahi kuonja uchungu wa makisio ya ofisini hapa hapa, mwaka 1945, maelfu ya Wapare waliposhuka hadi Same kupinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukisia mali ya mtu.

Wapo watakaosema kwamba ninaipamba mila. Ndiva nyingi zilikuwa za koo: waliochimba walitangulia, mgeni alisubiri hisani, na wanawake, ambao jembe liko mikononi mwao, hawakuwa na sauti kikaoni. Ni kweli, wala siutetei utaratibu huo. Hata hivyo, dosari hiyo iko kwenye orodha ya wanaostahili zamu, na orodha hurekebishika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Mpango wa Umwagiliaji wa Asili ulisaidia kukarabati ndiva zilizokuwa zikivuja na kuimarisha vyama vya watumiaji. Kamati iliyochaguliwa inaweza kugawa zamu vilevile kama mzee wa ukoo, na kwa haki zaidi.

Pingamizi zito ni jingine. Mito ya Vudee na Ndolwa hukutana karibu na kijiji cha Bangalala, kisha maji huteremka kuelekea Makanya. Usiku, mwenye ndiva anapoziba, anayazuia maji ambayo yangeendelea na safari. Leo mkulima wa Makanya hutegemea zaidi mafuriko ya vuli na masika, anayoyatega na kuyaelekeza shambani kabla hayajapita. Watu na mashamba yameongezeka pia huko juu, kwa hiyo si haki kuibebesha ndiva lawama yote. Lakini ukweli ni kwamba zamu inayofanya kazi vizuri ndani ya mfereji mmoja haimjui mtu wa mfereji wa chini, sembuse wa tambarare.

Wala bomba halitatui tatizo hilo la wa juu na wa chini. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025, huchota bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwapa watu maji ya ndoo na jiko, jambo lililochelewa mno. Hauwezi kumwagilia mahindi ya Bangalala. Isitoshe, bwawa hilo hulishwa na Ruvu na Kikuletwa, na maji yake yanasubiriwa pia na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani.

Sheria hiyo hiyo ya 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani ingeweza kutoa kibali kimoja kwa bonde zima, kuanzia Vudee hadi Makanya, kikitaja mafungu badala ya lita: usiku fulani katika wiki, ndiva za juu zisizibwe. Aliye juu atauliza anapata nini. Jibu liko kwenye desturi ya msaragambo, kazi ya pamoja, ambamo haki ya maji hufuata jasho. Watu wa Makanya wakipanda kuzibua matope kwenye ndiva za wenzao na kuchangia saruji, watakuwa na hoja ya kudai usiku wao. Bei ya usiku mmoja ni siku ngapi za jembe, hilo ni la vikao vyao kupatana, na ofisi iandike walichopatana.