Wafilipino wa California na Mlango wa Chuo Kikuu (3): Ziara Inayomfundisha Mzazi na Mwana

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliwafuata Wafilipino kutoka mashamba ya zabibu ya Delano, ambako Larry Itliong na wenzake waligoma tarehe 8 Septemba 1965, hadi hospitali za Los Angeles na San Francisco, zilizopokea wauguzi wengi baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka huohuo. Leo zamu ni ya watoto na wajukuu wao, wanaobisha hodi vyuo vikuu. Tutazame ile ziara ya siku moja ambapo wanafunzi wa sekondari hupandishwa basi, wakatembezwa chuoni na kurudishwa kwao jioni. Inawafaa nini hasa?

Tuanze na nani anayehesabiwa kuwa wa kwanza katika familia yake kuingia chuo. Kwa Chuo Kikuu cha California, kinachoitwa UC kwa kifupi, ni yule ambaye hakuna mzazi wake mwenye shahada ya miaka minne. Kipimo hicho kinamnasa mjukuu wa mvuna zabibu wa Delano. Kinampita mtoto wa muuguzi aliyesomea shahada yake Manila au Cebu. Kwenye karatasi kijana huyo ametoka nyumba ya wasomi, lakini nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuomba nafasi katika chuo cha Marekani.

Tofauti ya taratibu za nchi hizo mbili si ndogo. Aliyetaka kuingia Chuo Kikuu cha Ufilipino katika zama za muuguzi huyo alifanya mtihani wa kuingilia, UPCAT, kisha akasubiri matokeo. California hakuna mtihani wa namna hiyo, na tangu 2021 UC haitazami hata alama za mitihani ya SAT wala ACT katika kuchagua wanafunzi. Inachotazama ni kozi 15 za sekondari katika makundi saba ya masomo yajulikanayo kama A-G, zote kwa alama ya C au zaidi. Juu ya hizo, mwombaji hujibu maswali manne kati ya manane kuhusu maisha yake, kila jibu lisizidi maneno 350. Mzazi aliyekulia kwenye mtihani mmoja humwambia mwanawe, "Soma kwa bidii, utafaulu." Ni kweli, lakini haitoshi. Masharti ya A-G yanadai miaka mitatu ya hisabati na miaka miwili ya lugha isiyo Kiingereza. Kijana mwenye bidii zote aliyeacha hisabati mapema hugundua pengo lake mwaka wa mwisho, wakati fomu ziko mezani na muda umekwisha.

Ndiyo maana ziara yenye faida hufanywa mwanafunzi akiwa darasa la 9 au la 10, angali na nafasi ya kupanga masomo. Ile ya darasa la 12 humpa picha nzuri za majengo na fulana ya chuo, basi.

Kazi hii ya kuwaandaa vijana kwa sehemu kubwa imebebwa na wanafunzi wenyewe. Mwaka 1967 Wafilipino wa Chuo cha San Francisco State waliunda jumuiya ya PACE. Mwaka uliofuata waliingia, pamoja na wenzao weusi, Walatino na Waasia, katika mgomo ulioanza tarehe 6 Novemba 1968 na kwisha Machi 1969. Miongoni mwa madai yao ilikuwa kufunguliwa milango kwa vijana wa mitaa maskini. Jumuiya ya Samahang Pilipino ilizaliwa UCLA mwaka 1972, na baadaye ikazaa SPACE, kitengo kinachoshughulika na wanafunzi wa sekondari na wa vyuo vya jamii. Berkeley wana PASS, Davis wana BRIDGE.

Novemba 1996 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 209, lililokataza taasisi za umma kumpendelea mtu kwa rangi au asili yake katika elimu. Baada ya hapo UCLA ilishuhudia jambo la kutafakari: wanafunzi walikubali kujiongezea ada ili kugharimia kazi za kuwafuata vijana mashuleni. Basi la jumuiya ya Kifilipino leo hubeba pia Mmeksiko, Msamoa na Mmarekani mweusi wanaosoma shule hiyohiyo.

Siku yenyewe ina mambo mengi, lakini moyo wake ni fedha. Hapo ndipo wazazi wanapohitajika ukumbini, na inasaidia sana kuwa na mtu wa kuwaeleza kwa Kitagalogi au Kiilokano. Familia nyingi husoma ada iliyotangazwa zikafunga mjadala siku hiyohiyo. Zinatakiwa kuelezwa fomu ya FAFSA, ambayo ndiyo mlango wa misaada ya serikali. Zielezwe ruzuku ya Cal Grant, ambayo kwa kawaida huombwa kufikia tarehe 2 Machi. Zijue pia kwamba mwombaji mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa ada ya maombi kwa kampasi nne za UC. Tena kuna vyuo vya jamii, vinavyotoza dola 46 kwa kila uniti ya masomo, ambako mtu husoma miaka miwili kisha akahamia chuo kikuu.

Wapo pia wasio na hati za ukaazi. Mwandishi wa habari Jose Antonio Vargas, aliyepelekwa California akiwa mtoto, alijua akiwa na miaka 16 kwamba hati zake ni za bandia, na aliutangazia umma jambo hilo mwaka 2011. Alisoma San Francisco State kwa ufadhili wa watu binafsi. Mwaka huohuo wa 2011 California ilipitisha sheria za Dream Act, zinazowawezesha vijana kama yeye kuomba misaada ya jimbo kwa fomu ya peke yake. Mwenyeji wa ziara aeleze fomu hiyo mbele ya watu wote, ili asiwepo kijana wa kulazimika kunyoosha mkono na kujifichua.

Kingine ni uuguzi. Umewalisha Wafilipino na kuwajengea nyumba, kwa hiyo wazazi wengi huutaja kabla hawajaulizwa. Lakini kampasi za UC zinazotoa shahada ya kwanza ya uuguzi ni chache, na nafasi zake hugombaniwa vikali. Mwanafunzi wa ziara akikaa darasani na watu wa takwimu, historia au uhandisi, hurudi nyumbani na hoja ya kuzungumza na mama yake.

Udhaifu wa ziara hizi unajulikana. Wanaoziendesha ni wanafunzi wenye mitihani yao, nao huhitimu na kuondoka. Bila mtu wa kumpigia kijana simu baada ya mwezi na baada ya mwaka, basi hilo limekuwa la matembezi. Hukumu yangu ni kwamba ziara ipimwe kwa masomo yaliyopangwa upya na fomu zilizojazwa, na kila familia ngeni kwa utaratibu wa Marekani ialikwe, hata kama baba ana shahada ukutani.

Neno hili lawahusu pia wasomaji wetu wa Minneapolis, Columbus na kwingineko Marekani, wenye shahada za Dar es Salaam, Nairobi au Makerere na watoto walio sekondari huko. Mtoto akiingia darasa la 9, nendeni mkamwone mshauri wa wanafunzi shuleni, mwombeni orodha ya masomo yanayotakiwa na vyuo vya jimbo lenu, na siku ya ziara mpande basi pamoja naye. Kuuliza si ujinga. Wiki ijayo tutaeleza njia ya vyuo vya jamii, hatua kwa hatua.