Hitilafu za Cheksamu katika Kupakia Rekodi za Fasihi Simulizi Mtandaoni

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi anaporejea kutoka uwandani, aghalabu huwa na nakala moja tu ya utendaji usioweza kurudiwa. Fanani aliyeghani utendi huo huenda asiwe hai mwakani. Makala hii inaeleza hitilafu inayojitokeza rekodi hizo zinapopakiwa katika hifadhi ya mtandaoni, pale seva inapotoa taarifa kwamba cheksamu hazilingani, na namna ya kutafuta chanzo chake kabla kadi ya kinasasauti haijafutwa.

Cheksamu ni namba inayokokotolewa kutokana na baiti zote za faili. Ile ya MD5, iliyobuniwa na Ronald Rivest mwaka 1991, huandikwa kwa tarakimu 32 za mfumo wa kumi na sita. Ya SHA-256 huandikwa kwa tarakimu 64. Biti moja ikigeuka, namba huwa nyingine kabisa. Kwa hiyo, taarifa ya kutolingana huthibitisha jambo moja tu, kwamba nakala mbili zinatofautiana. Haisemi ipi iliyo sahihi. Ni rahisi mno kuulaumu mtandao na kurudia kupakia mara tatu au nne, ilhali kasoro imo katika nakala iliyoko kompyutani.

2.0 Kutafuta Chanzo

Hatua ya kwanza ni kukokotoa upya cheksamu ya faili la awali mara mbili. Baina ya mara ya kwanza na ya pili kadi ichomolewe na kuchomekwa tena, kwani bila ya hivyo kompyuta huweza kuisoma nakala iliyobaki katika kumbukumbu yake, na si kadi yenyewe. Namba mbili za faili lilelile zikitofautiana, mtandao hauna hatia: tatizo liko katika kadi, kebo au kumbukumbu ya kompyuta.

Zikifanana, ukubwa wa nakala zote ulinganishwe kwa baiti. Nakala ya seva ikiwa pungufu, yamkini upakiaji ulikatika njiani, au faili liligonga ukomo. Rekodi ya stereo ya biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde hutumia baiti 576,000 kila sekunde, yaani takribani gigabaiti 2 kwa saa. Umbo la kawaida la WAV huandika ukubwa wake kwa biti 32, hivyo haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, na diski ya FAT32 ina ukomo uo huo kwa faili moja. Ngoma ya mkesha huufikia baada ya saa 2 na dakika 4 hivi. Umbo la RF64, lililobuniwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, liliondoa kikwazo hicho, ingawa si kila programu hulisoma.

Chanzo kingine, ambacho hakina madhara ila husumbua sana, ni metadata. Mtafiti akikokotoa cheksamu, kisha akaandika ndani ya faili jina la fanani na mahali pa kurekodia, sauti haikuguswa lakini baiti zimebadilika. Umbo la FLAC hutoa nafuu hapa, kwa kuwa huweza kuhifadhi MD5 ya sauti pekee kama ilivyokuwa kabla ya kufinywa. Namba hiyo, hata hivyo, isilinganishwe na cheksamu ya faili zima.

Hali kadhalika, katika Amazon S3, faili lililopakiwa kwa vipande hupewa lebo yenye kistari na idadi ya vipande mwishoni. Lebo hiyo si MD5 ya faili zima, na kutolingana kwake si hitilafu.

3.0 Nakala ya Kuaminiwa

Swali la nakala ipi ni sahihi hujibika tu ikiwa cheksamu ya kwanza ilikokotolewa siku ileile ya kurekodi, moja kwa moja kutoka kwenye kadi, ikaandikwa katika daftari la uwandani. Kadi yenyewe ifutwe baada ya rekodi kupakuliwa tena kutoka kwenye seva, ikakokotolewa upya na kuonekana sawa na iliyo daftarini.