Saa Chache Katika Bandari ya Karema

Abiria wa meli za anasa zinazotia nanga Shanghai huteremka asubuhi wakiwa wamekwisha kuhadharishwa warejee kabla ya jua kuchwa, na hivyo hulazimika kukata shauri mapema ni kipi watazame na kipi wakiache. Msafiri wa Ziwa Tanganyika naye, tangu zama za meli ya Liemba, amekuwa na mtihani huo huo katika bandari ya Karema, upande wa magharibi wa mkoa wetu wa Katavi, ila muhula wake aghalabu ni mfupi zaidi.

Liemba yenyewe ni kisa kirefu. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma; mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe ili adui asiitwae, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina hilo jipya. Katika vituo vingi haikuwa na gati la kuegemea, bali ilisimama majini, na maboti yakaikimbilia yakiwa na watu, kuku na magunia ya dagaa. Leo Karema ina gati lake, lililomalizika mwaka 2022, likikusudiwa hasa shehena ya kwenda Kongo, ng'ambo ya pili. Robo saa yatosha kulitazama.

Saa zilizobaki, kwa rai yangu, ni haki ya kilima cha misheni. Hapo ndipo Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, alipoanzisha kituo mwaka 1879, wakati ambao maji ya ziwa yalikuwa yamejaa kupita kiasi na kuukaribia mguu wa kilima. Lakini katika miaka hiyo hiyo mto Lukuga, ambao ndio mlango wa ziwa kuelekea Kongo, ulizibuka, na maji yakaanza kushuka mwaka hata mwaka, ufuko ukarudi nyuma na kuiacha ngome iliyojengwa kwa ajili ya ziwa ikiwa mbali na ziwa. Ukisimama juu ya kilima na kuupima kwa macho uwanda ulio kati yako na maji, utafahamu jambo hili kuliko kwa kusomewa.

Mwaka huo huo wa 1879 mfalme yule alileta tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakateremshwa Msasani na kuanza safari ya kuja Karema, kwa tamaa ya kwamba wangetumika kuwanasa na kuwafuga tembo wa nchi hii ili wabebe mizigo badala ya wapagazi. Baadhi walikufa njiani. Na kiongozi wa msafara huo, Carter, akauawa na jeshi la Mtemi Mirambo huko Mpimbwe mwaka 1880, alipokuwa akirejea pwani. Tembo wa Katavi hawakufugwa na yeyote, nao wangali wakichimba maji katika mchanga wa mto Katuma wakati wa kiangazi.

Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa Mapadre Weupe, na miongoni mwa waliokuja kukitumikia ni Adrian Atiman, mzaliwa wa kando ya mto Niger, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta, kisha akawatibu watu wa Karema na kuwafundisha dini tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa hadi alipofariki mwaka 1956. Wengi waipitao Atiman House mjini Dar es Salaam hawajui kwamba mwenye jina hilo alikuwa tabibu wa mwambao wetu. Kwangu mimi, habari ya mtu huyu peke yake yatosha kumteremsha abiria melini.

Wewe uliye Mpanda huna haja ya kungoja meli, kwani barabara yafika huko, nayo ni mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja. Ondoka alfajiri, na ukifika ubishe hodi parokiani kwanza na kuomba ruhusa, maana pale ni nyumba ya ibada na maskani ya watu.