Ruba na Ukoo Wake

Askari wa doria avukaye kinamasi cha Nyabarongo, chini ya vilima vya Kigali, akijikuta na ruba mguuni humbandua, humtupa na kuendelea na safari. Ni nadra kujiuliza kiumbe huyo ametoka katika ukoo gani. Hata hivyo, swali hilo lina faida kwa mtu ambaye kazi yake humlazimu kunywa maji popote ayapatapo.

Ruba si mdudu, wala si konokono asiye na gamba. Ni mnyoo wa pingili, nduguye nyungunyungu anayefukuliwa na jembe kila msimu wa kulima. Wote wawili ni dume na jike katika mwili mmoja, na wote wana mshipi wa ngozi utengenezao kifuko cha mayai. Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba ruba ni tawi lililochipuka ndani ya ukoo wenyewe wa nyungunyungu. Katika kuachana huko alipoteza vinyweleo vya kutambalia, akapata vikombe viwili vya kunatia, kimoja mdomoni na kimoja mkiani.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ruba wa kwanza walikuwa wanyonya damu wa maji baridi. Mwaka 2025 ilitangazwa habari ya kisukuku cha ruba kutoka Wisconsin, Marekani, chenye umri wa miaka milioni 430 hivi. Aliishi baharini, na kikombe cha mdomoni hana. Yamkini aliwala viumbe wadogo wasio na uti wa mgongo. Hata leo wapo ruba wasioonja damu kabisa, jambo ambalo wengi hawaliamini.

Hatari kwa majeshi ni tawi moja lipendalo pua na koo. Mwaka 1799, jeshi la Napoleon likitoka Misri kwenda Shamu, askari wenye kiu waliinama na kunywa maji ya madimbwi. Daktari wao, Dominique-Jean Larrey, aliandika jinsi ruba wadogo walivyojishika kooni, wakavimba kwa damu, wakaleta kikohozi na kuziba pumzi. Mwaka 2010 wataalamu walieleza jamii mpya kutoka Peru, iliyotolewa puani mwa msichana. Ndugu zake walionekana kuwa ni ruba wa namna hiyo hiyo wa Afrika na Asia, ingawa bahari kuu imewatenga. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba babu yao aliishi kabla mabara hayajaachana, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita.

Ruba mchanga wa tawi hilo ni mwembamba mno, naye haonekani kwa urahisi ndani ya kata ya maji. Kitambaa kizito cha kuchujia humzuia, na maji yakichemka hufa. Askari atokwaye damu puani siku kadhaa bila kuumia, baada ya kunywa maji ya bwawa au kijito, apaswa kumweleza mganga wa kikosi alikokunywa maji hayo.